Je, kidani kinachovaliwa sokoni na kwenye daladala kina haki ya kuitwa kazi ya sanaa?

Mchongashaba (Dar es Salaam) ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mfuaji wa mapambo ya shaba, na kabla ya kuingia katika kazi hii nilisomea uchongaji, kwa hiyo mikono yangu ilizoea vitu vikubwa vinavyosimama sakafuni kabla haijazoea vitu vinavyokaa shingoni. Hivi karibuni nilipeleka vidani kadhaa kwenye maonyesho ya sanaa, na waandaaji wakanielekeza niviweke kwenye meza ya mauzo iliyo karibu na mlango, pamoja na kadi za salamu na vikapu vidogo, kwa maelezo kwamba ukumbi ni wa kazi za kutazamwa na si wa vitu vya kuvaliwa. Sikuileta habari hii ili niwalalamikie. Nimeileta kwa sababu maelezo yao yameniachia swali ambalo peke yangu sijaweza kulimaliza.

Miongoni mwa wateja wangu yumo muuguzi mmoja ambaye kidani alichonunua kwangu hakivui ila anapoingia wodini na anapolala. Hukivaa kwenye daladala, sokoni, kanisani na jikoni. Majuzi alikirudisha ili nimbadilishie kifungo, nami nikapata nafasi ya kukitazama mezani kwa utulivu. Alama za nyundo ambazo niliziacha makusudi kwenye ukingo wa chini zilikuwa zimelainika kwa kusuguana na vifungo vya nguo zake. Upande wa nyuma, unaogusa ngozi, ulikuwa umeiva rangi ya kahawia iliyokolea, na pale katikati, ambapo mkono wake huenda kila anapozungumza jambo linalomgusa, palikuwa na alama ndogo inayong'aa iliyosuguliwa na kidole gumba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichokifanya mimi, na bado nilikiona kidani kile kuwa bora kuliko siku kilipotoka karakanani.

Naomba basi mnisaidie kufikiri. Je, yale yaliyofanywa na mwili wa muuguzi yule ni sehemu ya kazi ya sanaa, au ni uchakavu wa kawaida ambao mimi, kwa kuipenda kazi yangu, naupamba kwa maneno? Na ikiwa ni sehemu ya kazi, fundi afanye nini tangu mwanzo ili maisha ya kila siku yapate nafasi ya kuendeleza alichokianza? Ningependa kuwasikia mafundi hasa, lakini wavaaji nao wasisite.

Fundi wa Langoni (Mombasa) amejibu:

Hatujambo, dada yangu. Mimi ni mfua fedha. Kazi nilifundishwa Lamu na ami yangu, na sasa karakana yangu iko Mombasa. Nitakujibu kwa yale ninayoyaona mezani kwangu, maana ya ukumbini siyajui sana.

Fedha inapotoka kwenye tupa na msasa huwa nyeupe pe, na kwa jicho la fundi bado ni mbichi. Nakshi uliyoichonga juu yake haisomeki vizuri, kwa sababu mabonde na vilima vyote vina mng'aro mmoja. Mvaaji akishakaa nayo, hewa na jasho hutia weusi ndani ya mabonde, nguo na mikono husugua vilima, na hapo ndipo majani na maua yanapojitokeza. Wapo mafundi wanaoharakisha jambo hilo kwa dawa yenye salfa, nami hufanya hivyo nikiombwa, lakini weusi wa dawa huenea sawasawa kila mahali, ilhali weusi wa mvaaji hufuata namna anavyoishi. Bangili ya mwalimu anayeandika ubaoni hailiki mahali palepale inapolika bangili ya mama anayebeba mtoto. Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza jibu langu ni ndiyo, na wala silioni kuwa jambo jipya. Mafundi waliotutangulia walichonga nakshi kwa kina kinachostahili kusuguliwa kwa miaka mingi. Nakshi ya juujuu tunayoiona siku hizi kwenye vitu vya mashine huwa imekwisha futika kabla ya mtoto wa mwenyewe kuota meno.

Swali lako la pili ndilo lenye kazi. Chukua bangili ya kufungua na kufunga, ile yenye bawaba upande mmoja na msumari wa kuchomoa upande wa pili. Bangili haifi kwenye nakshi. Hufa kwenye bawaba. Kila siku inafunguliwa na kufungwa, msumari unasugua matundu, matundu yanapanuka, na siku moja inaangukia shimoni kwenye choo au baharini. Mimi huutengeneza msumari kwa waya laini kidogo kuliko kingo za matundu, ili kinacholika kiwe msumari, ambao naweza kuubadilisha mteja akiwa amekaa anakunywa kahawa, na si matundu, ambayo yakiharibika bangili nzima imeharibika. Huo ndio mfano wa kuyapa maisha ya kila siku nafasi yake, yaani kuamua mapema ni wapi pambo litakapochakaa, na kulichagulia mahali pa kuchakaa ambapo hapaliui. Muuguzi wako kukurudishia kifungo peke yake ni dalili kwamba ulipachagua vizuri, ujue ama usijue.

Sasa nikwambie na lililo gumu. Vile vitu vizito vya fedha walivyovaa mabibi zetu, yaani mitali na furungu za miguuni, kekee na timbi za mikononi, majasi ya masikioni, huletwa kwangu na wajukuu ili vipimwe kwenye mizani, viyeyushwe na kugeuzwa mkufu mwembamba au pete. Mimi huwasihi waviache. Wengine hunisikiliza, wengi hawanisikilizi, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa hata vile vyenyewe vilitoka katika kuyeyushwa. Riali za Maria Theresa, zile sarafu za Austria zenye mwaka 1780 uliobaki uleule hata zilipopigwa miaka mingi baadaye, zilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na asilimia 83.3 yake ni fedha safi. Zilitumika katika biashara hadi pwani yetu, na wafuaji wa Arabuni na Uhabeshi walizitegemea kwa malighafi. Sarafu ikawa bangili, bangili ikawa akiba ya mwanamke, akiba ikauzwa siku ya shida na kurudi kalibuni. Watu wa maonyesho wanataka kazi ya sanaa ibaki katika umbo lake milele. Pambo la pwani halikuahidi hivyo kwa mtu yeyote. Ukifika Fort Jesus, kwenye ile Nyumba ya Waomani, utaona vito vilivyosalimika, na kila nikivitazama huwaza kwamba vimesalimika kwa sababu viliacha kuvaliwa.

Nikupe na moja la kukufurahisha. Lamu tuna pete za vigae. Fundi huchukua kipande cha sahani au bakuli la kale la kaure lililovunjika, hukikata na kukisugua mpaka kipate umbo la yai au la mraba, kisha hukizungushia ukingo wa fedha na kukitia kwenye pete. Bakuli hilo lilikuja na jahazi, likaliwa wali, likavunjika, likatupwa, likaokotwa, na sasa mtu analivaa kidoleni akienda kula wali. Mwenye kukwambia kwamba maisha ya kila siku na sanaa ni vitu viwili, mwonyeshe pete hiyo.

Mpwani Ughaibuni (Munich) amejibu:

Fundi ametufungulia mlango vizuri, nami nitaingia kwa upande wa huku ninakoishi, kwa kuwa swali la dada limeulizwa Ulaya na Marekani kwa muda mrefu, na majibu yaliyotolewa mengine yanafaa na mengine hayafai.

Mjini hapa alifundisha Mswisi anayeitwa Otto Künzli, ambaye mwaka 1980 alitengeneza bangili ya mpira mweusi, ya kawaida kabisa kwa macho, na ndani ya mpira huo akaficha tufe la dhahabu. Kinachoonekana ni uvimbe mdogo tu. Mvaaji hana budi kuamini kwamba dhahabu imo, na asiyeamini itambidi aupasue mpira, na akiupasua kazi imekwisha. Aliipa jina linalosema kwamba dhahabu hupofusha. Uholanzi, mwaka 1973, Gijs Bakker alifika mbali zaidi. Alifunga waya wa dhahabu kwa kuubana mkononi, kisha akautoa, na pambo likawa ile alama iliyobaki kwenye ngozi, ambayo hutoweka baada ya muda mfupi. Kazi hizi nazistahi kwa sababu zilitikisa dhana kwamba thamani ya pambo ni uzito wake kwenye mizani, dhana ambayo sisi wa pwani tunaijua vizuri sana kila inapofika siku ya harusi na shangazi wakaanza kuuliza kama dhahabu ni ya karati 21 au 18. Hata hivyo sidhani kwamba zitamsaidia sana mwuliza swali. Kazi za namna hiyo nyingi zinaishi katika picha na makabati ya vioo, nazo zinazungumza juu ya kuvaa pasipo kuvaliwa. Muuguzi hawezi kupanda daladala na alama ya waya.

Alexander Calder, yule Mmarekani wa sanamu zinazoning'inia na kuyumba hewani, anakaribia zaidi. Katika maisha yake alitengeneza mapambo yanayokadiriwa kufika 1,800, mengi yakiwa ni waya wa shaba au wa fedha uliopondwa kwa nyundo, ukapindwa, na kuunganishwa kwa kufungwa na kugongwa riveti badala ya lehemu. Mengi aliwapa mkewe, ndugu na marafiki. Ipo habari ya Peggy Guggenheim, ambaye Oktoba 1942 alifungua jumba lake la sanaa mjini New York akiwa amevaa hereni mbili zisizolingana, moja ya Calder na nyingine ya mchoraji Yves Tanguy, ili kuonyesha kwamba hapendelei kundi moja la wasanii dhidi ya jingine. Hapo masikio yake yalikuwa sehemu ya maonyesho, na hakuna aliyemwambia azipeleke hereni kwenye meza ya mlangoni. Nakiri kwamba kuwa na jumba lako mwenyewe kunasaidia.

Lakini ninayetaka umjue hasa, dada, ni Art Smith. Alizaliwa Cuba mwaka 1917 na wazazi kutoka Jamaica, akakulia Brooklyn, akasomea uchongaji kama wewe, kisha akaingia katika mapambo. Mwaka 1946 alifungua duka lake katika mtaa wa Cornelia, New York, ambako baadhi ya majirani hawakupenda kumwona mtu mweusi akiwa na duka, akavunjiwa dirisha, na hatimaye akahamia barabara ya West Fourth. Alitumia sana shaba nyekundu na shaba ya manjano, kwa kuwa hizo ndizo alizozimudu, na baadaye akaongeza fedha. Alitengeneza mapambo makubwa kwa ajili ya wacheza dansi wa jukwaani, na kazi hiyo ilimfunza jambo ambalo halipatikani mezani: kwamba waya ulioinama vizuri juu ya kitambaa huonekana vingine kabisa bega linapopanda na shingo inapogeuka. Bangili zake huzunguka mkono kana kwamba zinautafuta, na nafasi tupu kati ya waya na ngozi ameihesabu kuwa malighafi kama shaba yenyewe. Alisema waziwazi kwamba pambo halijakamilika lenyewe. Ukiliweka peke yake mtu huuliza ni kitu gani, na jibu linapatikana linapokutana na mwili. Alifariki mwaka 1982, na mwaka 2008 Brooklyn Museum ilimfanyia maonyesho. Kwa hiyo ukumbi ulimfikia, ila baada ya watu kumvaa kwa miaka.

Neno moja la kikazi kabla sijaondoka. Ukifikiria kuuza vitu vyako huku, chunguza kama vifungo na waya za masikio unazonunua zina nikeli. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye kitu kinachogusa ngozi muda mrefu, yaani mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na 0.2 kwa vitu vinavyopita kwenye tundu la sikio. Ngozi za watu wengi hazipatani na nikeli, na mtu akiwashwa hatakumbuka nakshi yako.

Yeyo wa Kajiado amejibu:

Nimesoma kwa makini, na nimetabasamu kidogo, kwa sababu wanawake wa kwetu Umaasaini hawakuwahi kuombwa wachague kati ya ukumbi na shingo. Mimi natunga shanga, kama alivyotunga mama, na nafundisha wasichana wachache siku za Jumamosi. Nitasema mambo ambayo naona hayajaguswa.

La kwanza ni mwendo na sauti, ambavyo ndugu wa Munich amevigusa alipotaja wacheza dansi. Zile duara bapa za shanga zinazokaa mabegani hazitungwi kwa ajili ya mtu aliyesimama apigwe picha. Zinatungwa kwenye waya, safu baada ya safu, na kati ya safu huwekwa vipande vinavyozishikilia, ambavyo zamani vilikuwa vya ngozi ya ng'ombe na sasa mara nyingi ni vya plastiki iliyokatwa kutoka kwenye mitungi ya maji au ya mafuta. Ukizikaza kupita kiasi, duara husimama ngumu na humchoma mvaaji shingoni. Ukizilegeza, hulala kama kitambaa na uzuri wake umepotea. Zikikazwa inavyostahili, mwanamke akicheza kwa mabega duara huinuka na kushuka kwa wakati, na vile vipande vya bati vinavyoning'inia hulia pamoja na wimbo. Mtu aliyeiweka duara hiyo ukutani ameichukua nusu yake tu, na nusu hiyo ndiyo isiyocheza.

La pili ni kwamba mitindo yetu haijasimama. Shanga za kioo zilitufikia kwa misafara ya biashara iliyotoka pwani, na kabla hazijaenea wanawake walivaa zaidi waya wa chuma na wa shaba uliozungushwa mikononi na miguuni. Shanga tunazozipenda leo kwa ulinganifu wake hutengenezwa Ucheki, katika mji wa Jablonec. Kila rika la wanaume linapoingia, mitindo na mpangilio wa rangi hubadilika, na mwanamke mzee anaweza kutazama pambo akakwambia ni la wakati wa rika gani. Hiyo ni historia inayovaliwa kwenda kuteka maji. Ninapoona karatasi za watalii zikieleza kwamba nyekundu ni damu, nyeupe ni maziwa na buluu ni mbingu, sisemi kwamba ni uongo, bali nasema kwamba mtungaji akikaa chini hafikirii hivyo. Anafikiri kama nyekundu hii imepata kijani cha kuipinga, kama rangi mbili nzito zimetenganishwa vizuri kwa nyeupe au nyeusi, na kama ukingo umefungwa kwa namna itakayomtambulisha mwenyewe. Kati yetu mikono inajulikana. Nikimwona mtoto njiani na mkufu, mara nyingi najua ni shangazi yake yupi aliyeutunga.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Katika makumbusho mengi kibao huandikwa jina la kabila na aina ya kitu, basi. Ndugu wa Munich ametutajia majina kadhaa ya Ulaya na Marekani bila shida yoyote, na simlaumu, kwa kuwa majina hayo yaliandikwa. Kwa hiyo, dada Mchongashaba, iwe unauzia ukumbini au mlangoni, gonga alama yako nyuma ya kila kidani, pamoja na mwaka.

Mbishi wa Tanga amejibu:

Niruhusuni nipinge kidogo, maana naona kila mmoja anakubali. Ikiwa kuvaliwa na kuchakaa ndiko kunakolifanya pambo kuwa sanaa, basi kandambili zangu nazo ni sanaa, kwa kuwa zimelika kisigino cha kulia kufuatana na mwendo wangu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Walianza na chanda. Heshima ni ya kidole, na pete ni shahidi wa heshima hiyo. Hawakusema pete njema hutafutiwa chanda. Nahofia kwamba tukianza kuyaita mapambo sanaa, bei itapanda, mvaaji ataogopa kukivaa kidani kwenye daladala kwa kuhofia wezi, na kile ambacho dada amekipenda katika kidani cha muuguzi, yaani kuzoeleka kwake, kitakuwa cha kwanza kutoweka.

Kandambili na kidani vinatofautiana wapi, basi? Fundi wa Langoni amejibu pasipo kuulizwa alipozungumzia msumari wa bawaba. Aliyetengeneza kandambili hakufikiria kisigino changu, alifikiria tu kuziuza. Fundi amefikiria mahali pa kuchakaa. Kwa hiyo mimi ningesema uchakavu ni sehemu ya kazi pale tu ulipotazamiwa na kuachiwa nafasi, na uliosalia ni uchakavu kama uchakavu mwingine. Kwa kipimo hicho, dada, ukingo wenye alama za nyundo ni wako, na doa la kidole gumba ni la muuguzi. Usilidai.

Mchongashaba amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mbishi wa Tanga namshukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu amenikata pale nilipokuwa naelekea kujisifu. Nakubali kwamba doa lile si langu. Hata hivyo nadhani naweza kulitengenezea mahali. Nimekuwa nikitazama watu kwenye kivuko cha Kigamboni wakisubiri pantoni, na karibu kila aliyevaa kitu shingoni ana tabia yake: mwingine anakizungusha, mwingine anakivuta upande, mwingine anatia kidole ndani ya mkufu akikitembeza huku na huku. Nafikiria kutengeneza vidani ambavyo kila kimoja kina sehemu moja iliyoachwa tupu, isiyo na alama ya nyundo wala nakshi, yenye ukubwa wa kidole gumba, katikati ya sehemu iliyojaa alama. Sitamwambia mvaaji ni ya nini. Akiigusa, ataiandika mwenyewe; asipoigusa, itabaki nyeusi, na hilo nalo litakuwa habari yake.

Kuhusu wezi na bei, nitaendelea na shaba, ambayo mwizi haihangaikii. Kuhusu maonyesho, nimeamua nikialikwa tena nisipeleke vidani vipya. Nitawaomba wateja watano au sita waniazime vyao kwa wiki moja, na kila kibao kiwe na jina langu, mwaka wa kutengenezwa, na kazi anayoifanya mvaaji. Kama waandaaji watasema vikae mlangoni, vitakaa mlangoni, na wenyewe watakuja kuvichukua.

Lililobaki ni la kikazi. Shaba ikikaa kwenye ngozi yenye jasho huacha rangi ya kijani, na baadhi ya wateja wangu huona aibu. Nimejaribu vanishi, lakini hubanduka kwa mabaka na kuonekana vibaya kuliko kijani chenyewe. Fundi, wewe ungefanyaje?

Fundi wa Langoni amejibu:

Vanishi iache, dada. Itakufichia hata ule usuguaji unaoutaka. Kijani hicho ni chumvi ya shaba inayotokana na jasho, hutoka kwa maji na sabuni na haina madhara kwa walio wengi, na ukimweleza mteja mapema hatashtuka. Kwa asiyeitaka kabisa, fanya kama tunavyofanya kwenye bangili za shaba za wateja wenye ngozi nyepesi kudhurika: tia bamba jembamba la fedha upande wa ndani, pale tu panapogusa shingo. Usilehemu uso mzima, maana moto mwingi utalainisha shaba yako yote na kazi ya nyundo itakuwa bure. Kata bamba lizidi ukingo kwa upana wa ukucha, likunje kuelekea mbele, kisha ligonge taratibu kwa nyundo ya mti mpaka libane. Baada ya muda fedha ya kwenye kunjo italika na shaba itachungulia. Hapo mwambie akuletee, ulikunje upya.

Na upande wa mbele, ukishausugua, upashe moto kidogo na uupake nta ya nyuki kwa kitambaa. Hukaa muda wa kutosha kufika nyumbani kwa mteja bila madoa ya vidole vyako wewe, kisha hujiondokea yenyewe na kumwachia nafasi. Ile sehemu tupu ya kidole gumba usiipake.